Korongo Linapanda

Tlawi, Mbulu
14/1/2025

Dada Verdiana,

Shikamoo. Msalimie shemeji Octavian na mama mkwe wako. Sisi huku ni wazima wa kula na kutembea, mengine nitakuandikia hapa.

Usishangae kuona barua. Najua watu wa siku hizi wanapiga simu. Lakini simu ya baba inashika mtandao pale juu tu, kwenye mpaka wetu na Joakimu, na baba hataki tena mtu wa nyumba hii apande pale. Halafu hata ukipiga, baba anaweka sauti kubwa wote wasikie, na mimi unanijua, nikisikilizwa na watu naishia kusema ndiyo, ndiyo, nzuri. Kwa hiyo barua nimempa dereva wa fuso la viazi. Amesema kila mnada wa hapo kwenu anapita. Mwandiko ni wa darasa la nne, soma polepole.

Kwanza korongo. Unakumbuka lile korongo dogo chini ya shamba, ambalo ndugu yetu marehemu Philemon alikuwa analiruka kwa hatua moja? Sasa halirukiki. Tangu mvua za Desemba linapanda. Linakula kwa chini, udongo wa juu unabaki umening'inia na nyasi zake, halafu unadondoka wote kwa pamoja. Kishindo chake ni kama cha ng'ombe anayejilaza. Limekula mahindi yote ya chini, limekula na ule mkaratusi tuliokuwa tunaanikia nguo. Kutoka ukingoni mpaka zizini ni kama mtoto kurusha jiwe. Baada ya zizi ni nyumba. Na kati ya zizi na nyumba ndipo tulipomzika Philemon. Mimi na baba tunajaza mawe na matawi, mvua inakuja inabeba yote.

Pili, watu. Wiki ya msiba walikuja, walilia, walichota maji, walipika. Baada ya pale kimya. Naangalia sana, maana mtu akikaa na ng'ombe hana kazi nyingine. Mama Judica alikuwa anakatiza uani kwetu akienda kanisani. Sasa anazunguka njia ya chini yenye matope, na mtoto mgongoni. Watoto wakisogelea mpaka wetu wanaitwa warudi. Mzee Akonaay wa shamba la juu kabisa nikikutana naye njiani anasimama pembeni mpaka nipite. Hanipi mkono.

Baba anasema wametutenga kwa sababu ya ile radi iliyomuua Philemon. Anasema watu wanasema radi haimpigi mtu hivi hivi, kuna kitu kwenye nyumba. Mimi sijasikia mtu akisema. Lakini mimi sisikii mengi, maana ng'ombe siwapeleki tena chemchemi ya juu wanakokwenda wote. Tangu tulipozika nawanywesha kijito cha chini. Kule hakuna wa kuniuliza ilikuwaje, mlimkuta amelalaje. Baba aliona akasema vizuri, endelea hivyo hivyo. Na mama siku hizi maji anachota huko huko.

Tatu, mama anauliza kwa nini hukuja kwenye misa ya arobaini. Haulizi kwa hasira. Anauliza huku anapepeta maharage, halafu hangoji jibu.

Mdogo wako,
Yohanes Bura


Balangdalalu, Hanang
25/1/2025

Mdogo wangu Yohanes,

Marahaba. Barua imefika, imelowa pembeni na ina harufu ya viazi. Octavian kauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya yule bubu wetu. Hakuamini. Anasema siku ya harusi yetu ulimwambia neno moja tu, karibu, na ulilisema ukiangalia viatu vyake.

Habari ya arobaini, mwambie mama kulikuwa na kazi ya shamba na magari yalikuwa shida. Nitakuja. Asinifikirie vibaya.

Sasa wewe nisikilize. Mtu unaandika korongo liko mlangoni, halafu unaendelea na habari ya mama Judica anapita wapi? Sisi huku tangu yale matope ya Katesh yaliyofukia watu, mvua ikianza hakuna anayevua viatu. Tumejifunza kwamba udongo haupigi hodi. Mimi tangu nisome barua yako nikifagia nasimama, nikipika nasimama. Mama mkwe ananiuliza nasikiliza nini.

Panda juu ukawaambie. Shamba la mtu likiliwa na maji, mwenye shamba anazunguka nyumba kwa nyumba anaomba watu, na siku ile wanakuja wote na majembe. Baba mwenyewe ameenda kwa watu mara ngapi? Najua ile kazi ya kuzunguka ilikuwa ya Philemon. Yule alikuwa anaweza kuingia kwa mtu waliyegombana naye jana akatoka amepewa uji. Lakini hayupo, Yohanes. Midomo iliyobaki kwenye nyumba ni ule wa baba na wako, na wa baba naujua.

Kama watu wazima wanakuogopesha anza na Irene, binti wa Joakimu. Au huyo ndiyo kabisa?

Jibu upesi.

Dada yako,
Verdiana


Tlawi
9/2/2025

Dada Verdiana,

Shikamoo.

Sijapanda. Nilifika mpaka kwenye ua wa Joakimu nikasimama. Yeye alikuwa analima viazi vyake. Aliniona, nina uhakika aliniona, maana alisimamisha jembe. Halafu akageuka akanipa mgongo akaendelea. Nikarudi. Na Irene usimtaje tena kwenye barua, dereva wa fuso anasoma, alinicheka.

Mvua ya wiki iliyopita imechukua ua wa chini wa zizi. Ng'ombe tumewafunga upande mmoja, wamebanana, hawalali. Hata sisi. Mama akisikia tone kwenye bati anaanza kukunja nguo na kuzitia kwenye mfuko. Mvua ikiacha anazitoa. Jana amefanya hivyo asubuhi na mchana.

Lakini kuna kitu nimeona. Mvua ilipokuwa inanyesha nilijifunika gunia nikafuata maji kwa kurudi nyuma, kutoka kwenye korongo kupanda juu. Nilitaka kujua yanatoka wapi mengi hivi, maana zamani mvua kama hizi zilikuwa zinanyesha na korongo lilikuwa linarukwa. Nikapita kwenye vichaka vya mpakani mtu asinione. Ni hivi. Mzee Akonaay juu kabisa amechimba mfereji kutoa maji shambani kwake. Unamwagia kwa mama Judica. Mama Judica naye amechimba wake ili mahindi yake yasibebwe, unamwagia kwa Joakimu. Joakimu anakusanya yote hayo na ya kwake, anayatoa kwenye kona, na kona hiyo ndiyo kwetu. Yale matuta ya zamani ya kukinga maji wameyalima wote, kila mtu kapata mistari yake miwili mitatu ya kupanda. Kila mmoja ametoa maji kwake tu. Sisi tuko chini, hatuna wa kumpa, ila korongo.

Nilimwambia baba. Ningejua nisingemwambia. Nilifikiri ataelewa kwamba mawe yetu huku chini ni kazi bure, kwamba hii ni kazi ya mashamba yote manne. Yeye akaelewa vingine. Akasema kumbe ndivyo wanavyotaka, hawatuambii tuhame, wanatuletea maji yatuhamishe. Tangu siku ile anakusanya mawe makubwa pale kwenye kona ya Joakimu. Anataka kuziba mdomo wa ule mfereji. Maji yakizibwa pale yatarudi kwenye viazi vya Joakimu, na Joakimu ana kaka zake, na baba ana jembe na hasira. Namwambia baba ngoja. Ananiuliza ningoje nini, anaokota jiwe jingine.

Wewe huji. Nimeacha kuuliza kwa nini. Ila kama ungekuwepo ungemzuia.

Mdogo wako,
Yohanes


Balangdalalu
19/2/2025

Yohanes,

Soma hii ukiwa peke yako, halafu usiitunze, uende. Ikiwezekana nenda kabla hujamaliza kunywa chai.

Leo mnadani nimemkuta mama Judica anauza viazi. Aliponiona akaacha wateja. Akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama vile tuko kanisani, "Mama Bura anaendeleaje? Mtatoka lini?"

Nikamuuliza kutoka wapi. Akasema kutoka ndani.

Unakumbuka bibi alivyokuwa anatusimulia habari ya meeta? Nyumba iliyopata kifo kibaya inajitenga. Haichoti maji na watu, haichungi na watu, haipiti uani kwa watu, na watu hawaingii kwake, mpaka yenyewe iamue kutoka. Na kuiita itoke ni kuivunjia heshima. Sasa nisikilize mdogo wangu. Watu wote wa huko wanajua kwamba nyumba ya Bura iko kwenye meeta. Wamejuaje? Kwa sababu siku ya pili baada ya mazishi ng'ombe wenu hawakuonekana chemchemi ya juu. Siku ya tatu mama naye hakuonekana. Wakasema aa, mzee Bura ameamua kufuata ya zamani, kifo chenyewe ni cha radi, tumheshimu. Kwenye misa ya arobaini mlikaa benchi la nyuma mkaondoka kabla ya watu. Wakasema bado.

Mama Judica anazunguka matopeni kwa heshima, Yohanes. Mzee Akonaay anakupisha njia kwa heshima. Joakimu alikupa mgongo kwa sababu mtu wa meeta hatazamwi akisimama uani kwako kama mgeni, ni kumwaibisha. Mama Judica anasema Joakimu alirudi nyumbani siku ile akashindwa kula, akasema yule kijana kakonda. Na la korongo wanaliona. Wanasema tukiitwa tutakwenda, lakini nyumba iliyo ndani haiendewi.

Nyie mnawangoja wao na wao wanawangoja nyie. Nilitaka kucheka pale mnadani nikajikuta nimekaa chini kwenye magunia.

Na mimi nina langu. Nina mimba, inaingia mwezi wa saba. Ndiyo sababu sikuja. Mama mkwe wangu alisikia kifo ni cha radi, akaniomba nisikanyage huko mpaka nijifungue. Mimi nilifikiri ni woga wa kizee. Sikutaka kuwaandikia, mama angesema mwanangu ananiogopa. Sasa naona hata mama mkwe alikuwa ameambiwa nyumba yetu iko ndani.

Nimemuuliza mama Judica nyumba inatokaje. Anasema zamani kulikuwa na mambo mengi ya wazee, siku hizi ni moja tu. Mtu wa nyumba anapeleka ng'ombe chemchemi ya juu asubuhi watu wakiwepo, wanakunywa pamoja na wa wengine, naye anakunywa. Basi. Hakuna hotuba, usiogope.

Baba asizibe huo mfereji. Nenda kesho.

Verdiana


Tlawi
4/3/2025

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa mtoto. Ningependa kuanza na hilo niishie hapo.

Barua yako imechelewa. Fuso lilizama kwenye matope Dongobesh siku nyingi, dereva anasema hata yeye alikuwa anakula viazi vibichi. Nimeipata juzi mchana. Baba alikuwa ameshaziba.

Alifanya nikiwa na ng'ombe. Mvua ikanyesha siku mbili. Juzi asubuhi shamba la Joakimu lilikuwa bwawa, majani ya viazi yanaelea juu. Kwetu korongo halikusogea hata kidogo, na baba alikuwa anatembea uani kama mtu mwenye sherehe, lakini kila mara anageuka kutazama mpakani.

Joakimu akaja mpakani na jembe. Hakuvuka. Baba naye akatoka na la kwake. Mimi nilikuwa nyuma ya ng'ombe. Joakimu hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Aliuliza, "Bura, tumekukosea nini?"

Baba akasema miezi mitatu hamjui kama tupo hai. Joakimu akasema sisi ndiyo hatujui? Nani amejifungia? Baba akasikia kama tusi, akainua jembe. Mama alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama katikati akimwangalia baba, uji unamwagika kwenye miguu yake. Baba akashusha. Joakimu akasema kesho anakuja na kaka zake kuzibua, na atakayesimama pale atachimbwa pamoja na mawe.

Mchana ndipo dereva akaleta barua. Niliisoma nyuma ya zizi. Nikaisoma tena. Nikaenda kwa baba nimwambie, nikamkuta ananoa jembe, nikarudi zizini. Unasema hakuna hotuba, lakini hata lile neno moja halikutoka.

Jana asubuhi nikafungua ng'ombe. Wenyewe walizoea kushuka, wakageuka kwenda chini. Nikawazuia kwa fimbo. Yule mwekundu alinitazama kama nimechanganyikiwa. Tukapanda. Tukapita mpaka, tukapita nje ya ua wa Joakimu, kaka zake walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye gogo na majembe. Wakainuka. Nilikuwa natazama kwato za ng'ombe tu.

Chemchemini kulikuwa na watu wengi. Mzee Akonaay alikuwa na ng'ombe wake kwenye maji. Akanitazama, akatazama ng'ombe, halafu akawapigia mluzi wa kwake wakasogea upande mmoja. Nafasi ikapatikana. Wa kwetu wakaingia, wakachanganyika nao, wakanywa. Mimi nikapiga magoti nikanywa kwa mkono. Nilipoinuka mama Judica alikuwa ananishikia kata, akasema kunywa vizuri, wewe si ndama. Watu wakaanza kuja kunipa mkono mmoja mmoja. Wanasema poleni, karibuni, mmetoka.

Ningenyamaza ingeishia pale. Lakini Joakimu na kaka zake walikuwa wamenifuata na walikuwa wamesimama pembeni na majembe. Nikasema. Sijui nilianzaje. Nikasema, "Hatujatoka. Hatukuwa ndani. Mimi ndiye niliyeona haya, nikapeleka ng'ombe chini."

Mama Judica akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii nakanyaga matope na mtoto mgongoni, kumbe huyu kaona haya?" Mtu akacheka, wakacheka wengi. Mimi nilitamani kuingia kwenye maji. Joakimu hakucheka. Akauliza na viazi vyangu je, navyo vimeona haya?

Nikamwambia baba alidhani mnatuletea maji makusudi. Nikasema maji si ya baba na si ya kwako, wewe nawe unaletewa. Akauliza na nani. Dada, hapo nikagundua nilipofikia. Ilibidi nimwonyeshe mzee Akonaay kwa kidole, mbele ya watu. Nikainua mkono nusu.

Mzee akasema, "Nyoosha vizuri, nione unaonyesha wapi."

Nikanyoosha. Nikamwambia shikamoo mzee, yanaanzia kwenye mfereji wako. Halafu ya mama Judica yanaongezeka. Halafu ya Joakimu. Sisi ni wa mwisho. Alibaki anautazama mkono wangu. Halafu akawaacha ng'ombe wake palepale, akaanza kushuka kufuata njia ya maji, na fimbo yake, na watu wote nyuma yake. Wamekagua mpaka ukingo wa korongo kwa upande wa vichaka. Mzee alipoona kaburi lilivyo karibu alivua kofia. Joakimu alitazama mawe ya baba, akatazama korongo, akatema mate. Lakini siku hiyo hakuzibua, wala kaka zake. Wamekubaliana kuja kwetu kesho wote.

Baba hajui. Alikuwa amelala ndani na jembe mlangoni. Tangu jana najaribu kumwambia. Fuso linaondoka sasa hivi, dereva anapiga honi, nampa barua kabla sijamwambia baba.

Yohanes


Balangdalalu
11/3/2025

Yohanes,

Huwezi kumwandikia mtu mwenye mimba barua inayoishia hapo. Huwezi. Nimemfokea dereva kana kwamba ndiye aliyeiandika.

Walikuja? Baba alifanya nini? Joakimu je? Huku kumenyesha tangu jana na wingu limekaa upande wenu. Nimepanda mpaka shuleni kutafuta mtandao, nimepiga simu ya baba mpaka chaji ikaisha, haipatikani. Mama mkwe ameniambia nikae chini, nikamwambia mama, nikikaa nafikiri. Sasa tunatembea wote wawili uani.

Andika hata mstari mmoja.

V.


Tlawi
2/4/2025

Dada Verdiana,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, mikono ilikuwa na malengelenge, kalamu haishikiki. Nyumba ipo, na kaburi lipo. Nimeanza na hayo usome mengine umekaa.

Walikuja. Mama aliwaona wa kwanza wakishuka na majembe, akajua ni vita, akafunga mlango na baba akiwa ndani. Mzee Akonaay akaomba kiti, akakaa uani, akaanza kuuliza habari ya ng'ombe, kwa sauti, kupitia mlango uliofungwa. Yule mwekundu amezaa mara ngapi. Majani mnapata wapi. Mzee akaendelea tu. Mwishowe baba akatoka. Akauliza, "Nani amewaita?"

Mzee akasema, "Mwanao."

Baba akasema mwanangu amekufa. Mzee akasema huyu mwingine. Baba akanitafuta kwa macho, nilikuwa nimesimama na ng'ombe. Akasema huyu haongei. Mama Judica akamwambia juzi aliongea mpaka mzee akatembea kwa miguu yake.

Nilimweleza baba mbele yao. Nilivyomweleza alikuwa anatazama chini, nilipofika kwenye habari ya chemchemi aliingia ndani. Tulidhani amekasirika. Alikaa humo kidogo, alipotoka alikuwa amenawa uso. Hakusema samahani kwa mtu, unamjua. Alipanda mpakani, akaanza kutoa mawe yake mwenyewe, moja moja, Joakimu akimwangalia. Yalipokwisha akaingia kwenye viazi vya Joakimu na kuanza kung'oa, kwenye tope mpaka magotini. Mama akafuata. Mimi nikafuata. Tumeng'oa vilivyokuwa vinafaa, tukavianika kwetu chini ya paa, maana kwa Joakimu kulikuwa kumelowa kote. Upande wa kona vilikuwa vimeoza vyote.

Na hapo palipooza ndipo tulipopitishia njia ya maji. Mzee Akonaay alipanga hivyo. Kila shamba lirudishe matuta yake ya zamani, mazima, mtu akipoteza mistari apoteze. Maji ya kila tuta yaende pembeni polepole kwenye njia moja yenye nyasi, yapite ukingoni mwa mashamba yote, na mwisho yateremkie kwenye miamba kule ambako hakuna cha kuliwa. Joakimu ndiye aliyepoteza zaidi. Alichimba siku zote hajakosa hata moja, na hajamsalimia baba. Nilimshukuru. Akasema, "Baba yako sijamsamehe. Nasaidia maji." Halafu akaniambia nishike jembe vizuri, nachimba kama naomba ruhusa.

Tulianza na shamba la juu tukashuka. Baba alikuwa anataka tuanze chini, kwenye korongo, kila siku anauliza. Wote tulikuwa na wasiwasi huo. Tukiwa kwa mama Judica mvua ikaja, tukasikia kishindo chini, nusu ya zizi ikaenda. Ng'ombe tulikuwa tumewahamishia kwa mama Judica siku mbili kabla. Mama alikuja anakimbia kutuambia korongo limebakiza hatua chache kufika kaburini. Baba akatupa jembe akataka kwenda kuweka mawe. Mzee akamwambia Bura, nenda, lakini tukienda wote nani atashika huku? Baba akasimama muda mrefu kwenye mvua. Halafu akaokota jembe. Dada, mimi nilimwona, mzee hakumwona, baba alikuwa analia.

Tumemaliza Jumanne ya wiki iliyopita. Siku ya pili mchana wingu likaja jeusi. Hatukuwahi kujaribu. Mzee alisema maji yasiachiwe yote mara moja, yatabomoa matuta mapya. Afungue wa juu tuta moja, aite wa chini yake. Wa chini akiyaona yamepita salama amwite anayefuata, mpaka mwisho. Na wa mwisho akiona yamefika kwenye miamba aite kurudisha juu, ndipo wafungue jingine. Mtandao hakuna kwenye mvua, ni koo tu. Kila mtu akaenda kwenye shamba lake. Mimi na baba tukaenda kusimama mwisho, kati ya miamba na korongo. Kama njia ingeshindwa, maji yangerukia pale pale tuliposimama.

Mvua ikashuka. Hatukuona kitu, kijivu tupu. Baba alikuwa ananishika bega, ananiachia, ananishika tena. Halafu nikasikia mzee Akonaay kwa mbali sana akiita yanakuja. Mama Judica akaita karibu kidogo, yamepita. Joakimu akaita juu yetu kabisa, "Bura, yapokee." Alisema Bura, jina. Baba akanibana bega mpaka nilidhani litavunjika.

Yakaja. Hayakuwa ya kukimbia. Yalikuja yanatambaa kwenye nyasi, ya udongo mwekundu, yanajaza kila shimo kwanza kabla hayajasogea. Yakafika kwenye kona ya korongo yakasita. Nikaona udongo wa ukingo unapasuka kidogo. Baba akapiga magoti akaweka mikono yake miwili pale, kama mtu anayezuia ndama. Maji yakageuka, yakapita, yakateremka kwenye miamba.

Nikaita yamefika. Juu kimya. Maji mengine yalikuwa yanajaa kwa mzee, naye angesubiri mpaka matuta yabomoke.

Baba, akiwa bado magotini, akasema, "Rudia. Hawajasikia."

Nikarudia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ng'ombe kule kwa mama Judica wakaitikia. Nikasikia Joakimu analipeleka neno juu. Halafu mama Judica. Halafu mvua tu. Halafu sauti ya mzee, ndogo, kutoka kule juu kabisa, ikisema fungueni jingine.

Mdogo wako,
Yohanes Bura